Je, Kinyago cha Kuchonga Mwenyewe Hakikutishi? Somo Kutoka kwa Waabelam

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali hii: kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Tunaiandikia insha, tunaitungia kisa cha mtoto aliyemgeuka mlezi wake, tunapata alama zetu, basi. Maana yake twaieleza hivi: jambo ulilolianzisha kwa mikono yako haliwezi kukutia hofu, kwa sababu unalijua ndani na nje.

Muhula uliopita methali hii ilizua mjadala mkali chamani mwetu. Mwenzetu mmoja alisema ati watu wanaochonga sanamu kisha wakaziheshimu hawafikiri, maana wenyewe wanajua fika kwamba ule ni mti tu. Mwingine akamjibu kwamba hata bendera ni kitambaa tu, lakini nani atathubutu kuikanyaga mbele ya mwalimu mkuu? Mlezi wa chama alipoona maneno yamekuwa mengi, akaamua kwamba mmoja wetu atafute mfano wa kweli, auchunguze, kisha auandikie jarida. Kazi hiyo ikaniangukia mimi.

Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Tukianza na za kwetu, kila mtu atatetea kwao na ugomvi hautakwisha. Twendeni kwanza Papua New Guinea, kisha tutarudi nyumbani taratibu.

1. WAABELAM NI NANI?

Papua New Guinea ni nchi iliyo kaskazini mwa Australia, nayo ina lugha zaidi ya 800. Sisi wenye lugha zipatazo 40 na ushei tujinyamazie! Waabelam ni mojawapo ya makabila ya nchi hiyo. Wanaishi katika mkoa wa East Sepik, kwenye vilima vilivyo kati ya bonde la Mto Sepik na milima ya Prince Alexander. Mji wao ni Maprik, na lugha yao inaitwa Ambulas.

Ukitaka kumjua Mwabelam, anza na shamba lake. Chakula chao kikuu ni viazi vikuu, na viko vya aina mbili. Kuna vile vifupi vya kuliwa kila siku, na kuna vile virefu vya heshima ambavyo hulimwa na wanaume peke yao. Kiazi kimoja kirefu huweza kufika mita 2, na mkulima hodari hukifikisha hata mita 3. Hebu fikiria, kiazi kimoja kinachompita mlinda lango wetu kwa urefu! Si mchezo. Mkulima huyo huchimba shimo refu, hulainisha udongo, na kwa miezi yote ambayo kiazi kinakua yeye hujitenga na wake. Wanawake nao hawakanyagi katika shamba hilo.

Kikishavunwa, kiazi hakipelekwi jikoni. Hupambwa kwa manyoya, kwa maua, na kwa kinyago cha kusukwa au cha mti, kisha huoneshwa uwanjani mbele ya kijiji kizima. Baadaye mwenyewe humkabidhi mshindani wake, ambaye naye sharti mwaka mwingine arudishe kilicho sawa nacho au kukizidi. Asipoweza, aibu ni yake.

Nimeanza na viazi kwa sababu viazi na sanamu hapa ni mtu na ndugu yake. Kiazi kikubwa kuliko vyote huitwa kwa jina la mzimu wa ukoo. Na mzimu huo ndio unaochongewa sanamu.

2. NGGWALNDU, YAANI MABABU

Sanamu kubwa za Waabelam zinaitwa nggwalndu. Ndu ni mwanamume, na nggwal ni babu. Kila ukoo una nggwalndu wake mwenye jina lake mwenyewe. Yeye ndiye mlezi wa ukoo, na inaaminika kuwa ndiye anayestawisha viazi, nguruwe na watoto.

Sanamu moja huchongwa kutoka katika gogo moja. Zamani walitumia tezo za mawe. Baadaye zikaja za chuma. Nyingi zinampita mtu kwa kimo. Uso ni wa duara iliyorefushwa, macho ni makubwa, na mara nyingi ndege aitwaye hondohondo au mnyama mwingine huchongwa pamoja na mzee huyo. Usitafute sura ya babu wa fulani pale, kwa maana mchongaji hachongi picha ya mtu aliyemwona. Anachonga umbo ambalo wote wanalitambua.

Sanamu hizi hazikusimamishwa njiani zikodolewe macho na kila mpita njia. Ziliwekwa ndani ya nyumba ya mizimu iitwayo korambo. Nyumba hii haina kuta za kawaida. Paa lake linaanza juu sana upande wa mbele na kushuka hadi ardhini upande wa nyuma, mfano wa mashua iliyopinduliwa. Uso wake wa mbele ni pembetatu yenye kimo cha mita 18 au hata zaidi, na huelemea mbele kana kwamba nyumba inainama kukutazama. Pembetatu hiyo hufunikwa kwa magamba mapana ya majani ya msago, mti wa jamii ya minazi, yaliyoshonwa pamoja na kuchorwa nyuso kubwa za nggwal zenye macho ya duara. Mlango nao ni mdogo mno. Ukitaka kuingia sharti uiname, utambae. Huo ni mwanzo wa adabu.

3. RANGI SI PAMBO

Wenzangu, hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba methali yetu ina mambo.

Sisi tukisikia "sanamu iliyopakwa rangi" tunadhani kazi ni ya mchongaji, na rangi ni urembo tu wa kumalizia, kama mafuta ya viatu siku ya Jumatatu. Kwa Waabelam ni kinyume. Mtaalamu Anthony Forge, aliyekaa nao kati ya mwaka 1958 na 1963, alieleza kwamba kwao rangi ndiyo dawa yenyewe. Gogo lililochongwa bila kupakwa rangi halina nguvu. Likishapakwa, mzimu yupo. Rangi hutumiwa pia katika dawa za kustawisha viazi, na hata katika uchawi.

Rangi ni nne: nyeupe, nyekundu, manjano na nyeusi. Fundi mkuu ndiye anayeanza kuchora mistari, na wasaidizi hufuata nyuma wakijaza rangi jinsi wanavyoagizwa. Kazi inapoendelea fundi na wenzake hufuata miiko, kama ile ya mkulima wa viazi virefu. Sherehe ikiisha, sanamu huwekwa akiba na rangi yake hufifia. Sherehe nyingine ikikaribia, huoshwa na kupakwa upya.

Mwaona sasa? Mbao ni ile ile, lakini nguvu inakuja na kuondoka. Kwa hiyo aliyesema chamani kwamba "wanajua ni mti tu" amesema kweli, tena Waabelam wenyewe wangekubaliana naye! Wanajua ni mti. Ndiyo maana hawautii heshima mti mtupu.

4. NANI HUMCHONGEA NANI?

Kijiji cha Waabelam kiligawanyika mafungu mawili. Vijana wa fungu la kwanza walifunzwa na wazee wa fungu la pili, na vijana wa fungu la pili wakafunzwa na wazee wa fungu la kwanza. Mafunzo hayo nitayaita jando, kwa kuwa neno hilo liko karibu, ila msifikirie tohara. Jambo kubwa lilikuwa ni kuoneshwa.

Jando hili halikuisha kwa mwezi mmoja. Lilikuwa na hatua nyingi, na hatua zote zilichukua miaka mingi, hata mtu akawa tayari ana watoto wake. Katika hatua za mwanzo, watoto walichapwa kwa majani ya kuwasha na kutishwa kwa sauti. Kisha wakaingizwa katika chumba kilichojaa michoro na maumbo yenye rangi kali. Kila hatua kijana aliambiwa: hiki ndicho chenyewe. Hatua inayofuata akagundua kumbe kile hakikuwa chenyewe, bado kuna kingine. Mwishoni kabisa ndipo alipooneshwa nggwalndu wakubwa, wamepambwa, wamepakwa rangi mpya, mwanga hafifu ukiwaangukia.

Sasa itazameni methali. Mzee wa fungu la kwanza hakujichongea kinyago cha kumtisha yeye mwenyewe. Alikipaka rangi kwa ajili ya mtoto wa fungu la pili. Na yule mtoto akishakua, akamaliza hatua zote, naye alishika tezo na rangi akawaandalia watoto wa wale waliomtisha. Methali haijavunjwa hata kidogo! Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Kinachotisha ni cha mwenzako, mpaka siku utakapofunzwa kukichonga.

Lakini kuna jambo ambalo methali haikulisema. Mzee yule alipoacha kutishika hakuanza kudharau. Anajua aliyechonga, anajua rangi ilichanganywa wapi, lakini bado anafuata miiko na bado anaingia kwa kutambaa. Hofu imeondoka, heshima imebaki. Haya ni maneno mawili tofauti kabisa, nasi huyachanganya kila siku. Mtoto wa kidato cha kwanza anamwogopa kiranja, bali kidato cha nne anamheshimu, kwa sababu amekwisha kujua kazi yenyewe ilivyo.

5. MAANA ISIYOSEMWA

Forge aliwauliza wazee maana ya michoro yao. Hakupata maelezo marefu. Jibu lilikuwa kwamba hivi ndivyo mababu walivyofanya, na ndivyo viazi vinavyokua. Si kwamba walimficha tu. Aliamini kwamba kwa Waabelam mchoro haukuwa tafsiri ya maneno. Ulifundisha wenyewe, kwa macho, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kutoa mhadhara.

Jambo hili lilinisumbua sana kama mwanafunzi. Sisi hatuamini kitu mpaka kiandikwe ubaoni. Hata hivyo, nani aliwahi kumpa maelezo ya namna ya kumwamkia mzee? Tuliona, tukaiga, tukakosolewa kwa jicho kali, tukajua. Hatari ya elimu ya namna hii ni moja tu: sherehe ikisimama, hakuna kitabu cha kukimbilia. Mnyororo ukikatika, umekatika.

6. MNYORORO UNAPOKATIKA

Na kweli mambo mengi yaliupitia mnyororo huo. Wajerumani walidai eneo hilo mwaka 1884, Australia ikalichukua mwaka 1914, na Wajapani wakaingia mwaka 1942. Maprik yenyewe ilipiganiwa mwaka 1945. Mtafiti Phyllis Kaberry aliyeishi katika kijiji cha Kalabu mwaka 1939 na 1940 alizikuta sherehe zikiwa hai. Baada ya vita, dini mpya, kazi za mishahara na wanunuzi wa sanaa vilipunguza jando hatua kwa hatua. Sanamu nyingi zikauzwa au kuchukuliwa hadi makumbusho ya ng'ambo. Mji wa Basel nchini Uswisi una nyumba ya mizimu ya Waabelam ndani ya makumbusho yake. Kwa majirani zao Waarapesh wa Ilahita, waliojifunza jando hili kutoka kwa Waabelam, wanaume walisimama mwaka 1984 wakawafichulia wanawake siri zote kanisani, na jando likafa siku hiyo.

Mwaka huo huo wa 1984 likatokea jambo la kushangaza. Nchi iliyopata uhuru tarehe 16 Septemba 1975 ilifungua jengo jipya la Bunge mjini Port Moresby, na uso wa jengo hilo ukafuatisha umbo la nyumba ya mizimu ya Maprik! Umbo la Waabelam likawa uso wa taifa zima. Juu ya mlango ikawekwa boriti yenye vichwa 19 vya kuchongwa, kimoja kwa kila mkoa wa wakati ule.

Mwishoni mwa mwaka 2013, Spika wa Bunge aliamuru vichwa hivyo viondolewe kwa kuwa aliviona ni vya kishetani. Vikakatwa kwa msumeno. Michael Somare, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo na mwenyeji wa Sepik, alilaani kitendo hicho. Mwaka 2016 mahakama ikaamua kwamba kuviondoa kulivunja sheria.

Turudi kwenye methali. Nani alitishwa na vichwa vile? Si waliovichonga. Alitishwa mtu aliyevikuta vimekwisha kuchongwa, asiyepitishwa katika hatua zake. Ndiyo yanayotokea mnyororo ukikatika. Heshima huondoka, na mahali pake huja mojawapo ya mambo mawili: hofu au bei. Mwenye hofu huleta msumeno, mwenye bei huleta lori.

7. NA SISI JE?

Sasa tumefika nyumbani. Wamijikenda wa Pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, humsimamishia mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu nguzo ya mti iliyochongwa, iitwayo kigango. Ina kichwa cha duara na kiwiliwili chembamba chenye nakshi za pembetatu, nyingine zikitiwa rangi. Kama nggwalndu, si picha ya sura ya marehemu. Lakini kuna tofauti kubwa: nggwalndu hufichwa na kupakwa rangi upya, ilhali kigango husimama nje na huachwa hapo hapo kilipo, kizeeke na kuoza chenyewe. Hakihamishwi, hata watu wakihama.

Wenye bei hawakujali hayo. Tangu miaka ya 1970 na 1980 mamia ya vigango viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vya ndugu wa familia moja, vilivyoibwa katika miaka ya 1980, vilipatikana katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani na kurudishwa kijijini mwaka 2007. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37. Vingi bado viko huko.

Inasemekana vijana wenyeji walihusika katika baadhi ya wizi huo. Mimi sishangai. Kijana asiyejua kigango kinasimamishwa vipi, na nani, na kwa nini, ataona nini pale ila kipande cha mti chenye mnunuzi? Waliovunja mnyororo si wezi wa usiku peke yao. Ni pamoja na sisi ambao hatuulizi mchana.

8. KONA YA LUGHA

Sanamu: ngeli ya I-ZI. Sanamu hii, sanamu hizi. Ni umbo lolote lililotengenezwa kufanana na kiumbe.

Kinyago: ngeli ya KI-VI. Lilinganishe na neno unyago, yaani mafunzo ya wasichana wanapobalehe. Mzizi ni mmoja. Kumbe Waswahili walipotunga methali walikuwa wakizungumzia vinyago vya kuoneshwa wari, si vya kuuzia watalii! Aliyechonga ni mkufunzi, anayetishwa ni mwari.

Kigango: ngeli ya KI-VI. Ni neno la Kimijikenda. Tusiliite "kinyago" wala "sanamu" bila kufikiri.

Mzimu: roho ya aliyekufa. Wingi ni mizimu. Usichanganye na pepo wala shetani, makosa ambayo yamegharimu vichwa 19.

9. HITIMISHO

Nimalizie kwa kuijibu hoja ya chamani. Methali ni ya kweli, ila ni nusu. Nusu ya kwanza husema kwamba mjuzi hatishiki. Nusu ya pili tumefundishwa na Waabelam: mjuzi asiyetishika ndiye mwenye wajibu wa kutunza, kwa kuwa asiyejua hawezi. Mwanafunzi akiiandikia insha methali hii mwaka huu, asiishie kwenye kisa cha mtoto aliyemgeuka mlezi. Aulize pia: baada ya hofu kuondoka, kimebaki nini?

MASWALI YA MJADALA

(a) Eleza tofauti kati ya kuogopa na kuheshimu. Toa mfano mmoja wa nyumbani na mmoja wa shuleni.

(b) "Sanamu iliyo katika makumbusho imehifadhiwa." Jadili kauli hii ukizingatia nggwalndu na kigango.

(c) Ungekuwa hakimu katika kesi ya vichwa vya Bunge, ungetoa hoja zipi tatu?

(d) Likizo hii, muulize mzee mmoja wa kwenu kuhusu kitu kilichochongwa, kusukwa au kufinyangwa ambacho hakitengenezwi tena. Andika jina lake kwa lugha ya mama, kisha ulete chamani.